Mkaguzi wa Gesi Sebuleni kwa Mzee Kalinga

Kwa heshima na taadhima, wakazi wa Mwanjelwa, majirani zetu wa Iringa, wauza vitunguu wa Igawa na yeyote mwenye masikio katikati ya hapo, mnatangaziwa kwamba Jailos Mwaisumo, mtoto wa Mama Sekela muuza viatu vya mitumba, ndiye Mkaguzi wa Usalama na Msimamizi wa Uchunguzi wa Ajali katika Mitambo ya Mafuta na Gesi Baharini. Simameni. Vueni kofia. Anayeelewa maana yake aketi.

Hakuna aliyeketi.

Tatizo halikuwa cheo. Kwetu Mbeya cheo kinapokelewa vizuri, na kikiwa kirefu ndiyo kabisa. Tatizo lilikuwa bahari. Ukisimama Mwanjelwa ukageuka pande zote unaona mlima, na nyuma ya mlima kuna mlima mwingine unaosubiri zamu yake. Bahari iko mbali kiasi kwamba samaki wake akifika sokoni amekauka mpaka amesahau maji. Watoto wa huku wakienda mbali hurudi madereva wa malori ya Zambia, au walimu, au wachungaji wenye spika kubwa. Hakuna aliyewahi kurudi akasema anapanda helikopta kwenda kwenye jukwaa la chuma lililosimama majini, akague maboti ya kuokolea watu, avute mikanda, ajaribu ving'ora, halafu apande tena helikopta arudi nchi kavu.

Mama yake alijitahidi kuelewa. Jioni moja alimkalisha jikoni akamhoji kwa upole, kama anavyomhoji mteja anayetaka kiatu cha mguu mmoja.

"Wewe unazuia ajali."

"Ndiyo, mama."

"Na zikitokea unazichunguza."

"Ndiyo."

"Mwaka huu zimetokea ngapi?"

"Hakuna."

Mama Sekela akamwongezea chai kama mtu anavyomwongezea mfiwa. Moyoni alijua mtoto atafukuzwa kazi wakati wowote. Jumapili iliyofuata, wenzake kanisani walipoombea mvua na mitihani, yeye aliomba Mungu amjalie Jailos walau kaajali kadogo, kasiko na maiti, ili naye aonekane anafanya kazi.

Jailos alijaribu kufafanua kwa mfano, na mfano ukaharibu kila kitu. Alisimulia kwamba siku moja huko majini spana ilidondoka kutoka juu ya winchi ikagonga sakafu mahali ambapo hapakuwa na mtu. Akasimamisha kazi. Akawahoji mafundi mmoja mmoja, akapiga picha, akaandika ripoti, wakubwa wakaisoma. Kaka Sifaeli, jirani yao mwenye cherehani na mdomo unaokimbia kuliko cherehani, akauliza spana ilimpiga nani. Haikumpiga mtu, akajibu Jailos. Sasa mlikuwa mnamchunguza nani? Jailos akasema walikuwa wanamchunguza yule ambaye angepigwa.

Sifaeli alirudi kwake bila swali la tatu, jambo ambalo kwake ni karibu na ugonjwa. Kesho yake Mwanjelwa nzima ilikuwa na habari kwamba Jailos analipwa mshahara kuwahoji watu ambao hawakufa kuhusu jambo ambalo halikutokea. Wengine walimwonea huruma. Wengine waliuliza kama kuna nafasi.

Na yeye mwenyewe, tuseme kweli, alikuwa amekwisha kuchanganyikiwa. Ukiishi kwa kutafuta ubaya ambao haujaja, unaanza kuuona kila mahali. Kanisani alikuwa anatazama kama mlango unafungukia ndani au nje. Kwenye sherehe hakukaa chini ya spika. Hakujua tena kama yeye ni mtaalamu au mwoga mwenye cheti. Mtu mmoja tu ndiye hakumcheka: Yusta Kalinga, muuguzi aliyekuwa akiwapima presha wafanyakazi kule Mtwara kabla hawajapanda helikopta. Presha ya Jailos ilikuwa inapanda kila Yusta alipomshika mkono, na wakati fulani ilibidi waamue: ama asiende tena baharini, ama waoane.

Jailos ni Mnyakyusa; Yusta ni Mhehe, wa kwao karibu na Tosamaganga, Iringa, nyumba yenye vichaka viwili vya mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi nyuma na picha ya Moyo Mtakatifu mbele. Baba yake, Mzee Adrian Kalinga, ni mkulima wa mahindi na misonobari, mtu wa maneno machache na masharti mengi. Alituma ujumbe kwamba kijana aletwe aonekane, ila asisikike. Mposaji kwake hana ulimi. Ulimi wake ni mshenga, mpaka sahani ya posa, yenye barua na pesa chini ya kitambaa, ipokewe. Haikuwa mzaha. Mwaka juzi alikuja mwalimu mmoja kumposa dada yake Yusta, akaulizwa swali kupitia mshenga, naye akalijibu mwenyewe kwa furaha, kwa kuwa alikuwa anajua jibu. Sahani yake ilirudi Njombe imefunikwa vilevile ilivyokuja, na dada mtu hadi leo anaishi kwa baba yake, anafuga kuku na kinyongo.

"Ukijibu hata salamu kwa sauti ya juu, tumekwisha," Yusta alimwambia kwenye simu. "Inama tu. Wewe inama."

Mshenga akawa Sifaeli. Hakukuwa na mwingine mwenye suti.

Waliondoka Mbeya alfajiri moja ya mwezi wa sita, baridi inauma hadi kwenye meno. Basi liliposimama Igawa, Sifaeli aliteremka akanunua mayai ya kuchemsha, akala. Akaongeza maharage kwenye kibanda cha jirani, akala. Akasema mshenga haongei na tumbo tupu. Jailos alimtazama kwa jicho la kikazi. Alikuwa ameanza mazoezi ya kunyamaza.

Walipokelewa na shangazi Lusia, dada mkubwa wa Mzee Kalinga, mwanamke mnene wa sauti nyembamba, ambaye siku za posa ndiye hakimu, karani na askari. "Kamwene, kamwene," akawasalimia kwa Kihehe. Sifaeli akajibu kamwene kwa lafudhi ya Kinyakyusa, watu wakacheka kwa adabu. Jailos akainama.

Sebule ilikuwa imefungwa madirisha yote kwa ajili ya baridi. Kila kitu kilikuwa kimevaa kitambaa cha kufuma: makochi, meza, redio, televisheni. Na pembeni ya televisheni, juu ya kigoda, mahali pa heshima ambapo nyumba nyingine huweka picha ya askofu, kulikuwa na kitu kifupi cha mviringo kimefunikwa kitambaa chenye maua ya waridi hadi miguuni. Jailos alikidhania ni mtoto wa ubatizo.

Kilikuwa mtungi wa gesi. Yusta alimnunulia mama yake, Mama Faustina, ule mdogo wenye kichomeo juu, ili aachane na moshi. Mama Faustina aliushukuru, akauogopa, akauweka chumbani chini ya kitanda, akaendelea kupikia kuni. Lakini leo anakuja mkwe wa gesi. Akija mkwe mchungaji, Biblia inawekwa mezani. Akija mkwe wa gesi, utamtolea nini? Mtungi ukafutwa vumbi, ukavishwa, ukatolewa sebuleni umwone mwenzake.

Wakakaa. Mzee Kalinga kwenye kochi la peke yake, wadogo zake wawili kushoto na kulia kama mishumaa. Sifaeli akasimama na kuanza kumsifia kijana. Alisema mengi. Alisema ajali zote za baharini ziko chini ya kijana huyu.

Mdogo mmojawapo akauliza kama ni yeye anayezileta.

Sifaeli, ambaye hajawahi kukubali kwamba hajui, akajibu kwamba bila saini ya Jailos haitokei hata moja.

Wazee wakatazamana. Jailos akatazama viatu vyake. Kule majini yeye ndiye anayewafundisha mafundi kwamba ukiona jambo haliko sawa unanyanyua mkono na kusema simama, hata kama mbele yako ni bosi mwenye kofia nyeupe, na hakuna wa kukugusa. Amelisema hilo mara nyingi hadi anaota akilisema. Sasa mkono wake ulikuwa katikati ya mapaja, umebanwa na mwenzake.

Ndipo harufu ikaja.

Haikuja kwa kishindo. Ilikuja kama mgeni asiyealikwa, ikapita kando ya ukuta, ikakaa. Harufu ya yai viza na kabichi iliyosahaulika. Jailos aliinua pua. Kisha akamgeukia Sifaeli polepole, akakumbuka Igawa, akakumbuka maharage, akasikitika.

Wengine nao waliisikia. Ungejuaje? Ungejua kwa jinsi hakuna aliyeonyesha kuisikia. Mdogo wa kushoto alianza kuisoma kalenda ya parokia kwa makini yote. Mdogo wa kulia akakohoa na kusahau kumaliza. Mzee Kalinga alikodoa macho kwenye dari kama mtu anayehesabu mbao. Maana katika nyumba yenye adabu, siku ya posa, tumbo la mkwe likisema, masikio ya ukoo hayasikii na pua zake hazinusi. Ndiyo heshima. Ukitaja, umetukana ukoo mzima na mababu wake.

Harufu ikazidi.

Hapo Jailos akaanza kupata wazo ambalo hakulitaka. Alitazama kile kitambaa cha waridi. Akamtazama Sifaeli. Akarudi kwenye kitambaa. Ungetegemea mkaguzi wa gesi ajue harufu ya gesi, lakini hapo ndipo penye fedheha: hajui. Gesi ya baharini inapotoka chini haina harufu kabisa; hiyo ya kunuka huongezwa baadaye ili mama wa nyumbani ashtuke. Kule kazini hanusi, anatazama kidude cha kupima gesi kilichobanwa kifuani, kikilia anakimbia. Na nyumbani Mwanjelwa mama yake anapikia mkaa. Pua yake ilikuwa na uzoefu mkubwa wa mkaa, viatu vya mitumba, na Sifaeli.

Basi akajaribu kufikiri kitaalamu. Akajifanya amedondosha leso, akainama kuiokota. Chini harufu ilikuwa nzito zaidi. Vizuri: gesi ya kupikia ni nzito, hulala sakafuni. Lakini hapohapo akagundua kwamba hakuna kozi yoyote, ya Dar wala ya ng'ambo, iliyowahi kumfundisha ushuzi wa binadamu unaelekea wapi. Unapaa? Unashuka? Unategemea mtu? Na akiwa pale chini, uso wake ulikuwa karibu zaidi na kochi la Mzee Kalinga, na mzee wakati huohuo alijisogeza kidogo, upande mmoja, kwa namna ambayo inaweza kuwa na maana nyingi.

Jailos akarudi kukaa akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoondoka. Akamnong'oneza Sifaeli, "Kaka, ile harufu..."

"Sio mimi," Sifaeli akanong'ona upesi mno, akaendelea na hotuba.

Hesabu ilikuwa mbaya kila upande. Akitangaza gesi na kumbe ni tumbo la baba mkwe, Yusta ndiyo kwaheri, na habari itafika Mwanjelwa kabla ya basi. Akinyamaza na kumbe ni gesi, koo mbili zitaruka pamoja na vitambaa. Akaangalia milango. Wa mbele unatokea uani. Wa nyuma unapita jikoni, na jikoni kuna kuni zinawaka na Mama Faustina, ambaye mkwe haruhusiwi kumwona uso kwa uso. Madirisha yamefungwa. Akajiambia hakuna moto humu sebuleni, hakuna sigara, hakuna mshumaa. Avumilie tu mpaka sahani ipokewe. Ikipokewa, ana ulimi.

Sifaeli akaiweka sahani mezani, imefunikwa vizuri. Shangazi Lusia akaisogelea kwa mwendo wa sherehe. Mkono ukanyooka. Ukasita.

Akawatazama wageni. "Jamani, mbona mnatetemeka hivi? Tutasema tumepokea posa ya watu waliokufa baridi? Ngojeni kwanza niwaletee moto."

Akatoka. Nje, chini ya dirisha, walimsikia akilipepea jiko la mkaa lililokuwa limewashwa uani, na mkaa ukiitikia kwa kutatarika. Mzee Kalinga akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ndivyo inavyotakiwa. Wageni Iringa hupewa moto ndani, mlango ukafungwa, wakauota.

Kuna watu ambao katika saa kama hiyo hupata utulivu mkubwa. Jailos hakuwa mmoja wao. Alifikiri mambo yote kwa pamoja na hakufikiri lolote. Alimwona Yusta akichungulia nyuma ya pazia la korido, akimwashiria kwa kiganja: inama, wewe inama. Akasikia hatua za shangazi. Mlango ukasukumwa kwa goti, na jiko likatangulia, jekundu, linatema cheche.

"Shangazi, rudi!"

Hata yeye hakuitambua sauti. Shangazi Lusia aliganda kizingitini. Sifaeli akafumba macho. Wazee wote watatu wakamgeukia mposaji mwenye ulimi.

"Rudisha huo moto mbali, kule kwa ng'ombe. Na nyie wote nje. Sasa hivi."

Hakuna aliyetikisika isipokuwa shangazi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuamrishwa, na kwa mshangao alitii. Jailos akauvamia ule mtungi, akalirusha lile waridi la kufuma, na chini yake kukasikika mlio mwembamba, kama nyoka anayesali. Akashika kitufe. Sasa tazama: mtu huyu amekagua vali kubwa kuliko mlango wa kanisa, na hapa mbele ya kitufe kidogo kama kifuniko cha soda hakukumbuka kinafungia wapi. Akakizungusha. Mlio ukawa mkubwa. Wadogo wa mzee wakapata miguu, wakatoka pamoja wakabanana mlangoni. Akakizungusha upande wa pili, akakaza, akakaza tena. Kimya. Akafungua dirisha moja, la pili likagoma, akalipiga kwa bega. Kisha akaita kuelekea korido wazime kuni, na hivyo akawa amezungumza na mama mkwe vilevile.

Wakasimama wote uani kwenye baridi ya mwezi wa sita, koo mbili zimejikunyata, sahani ya posa ipo peke yake ndani.

 Hapohapo ikaanza kesi, maana ajali huku haiachwi hivihivi, hata isiyotokea. Nani alifungua kitufe? Mdogo mmoja akapendekeza kwamba kuna jirani hakupenda mtoto wao aolewe mbali. Jailos, kwa kuwa alikwisha haribu, akasema tu kwamba kikazi hawaanzi na nani, wanaanza na ilikuwaje. Mama Faustina, amejifunika kanga usoni ili mkwe asimwone, akasema kutoka nyuma ya banda kwamba kitambaa kilikuwa hakikai vizuri kwa sababu ya kile kidude cha kuzungusha, akakigeuza kidogo kielekee ukutani, ndipo maua yakatokea.

"Tangu lini?" akauliza mzee.

Tangu kabla wageni hawajaingia.

Ndipo ukweli ukatoka mmoja mmoja. Shangazi aliisikia harufu alipoingia mara ya kwanza, akadhani Wanyakyusa ndivyo walivyo. Wadogo wa mzee kila mmoja alimdhania mwenzake. Sifaeli akakiri kwamba yeye kwa kweli hakuwa na uhakika na nafsi yake. Wote walinusa, wote walinyamaza, wote kwa heshima. Yusta, pale mlangoni, alikuwa analia au anacheka. Kwa baridi ile mvuke wa mdomo unafanana.

Mzee Kalinga akamtazama Jailos kuanzia viatu hadi kichwani. Akamwambia shangazi aingie ndani, nyumba imekwisha pata hewa. Shangazi Lusia akaingia. Akakaa huko muda ambao Jailos aliuona mrefu kuliko zamu yoyote ya baharini, akiisikiliza sahani ya mwalimu wa Njombe ikirudi kwao. Halafu akatoka na sahani kichwani, anapiga kigelegele kwa ile sauti nyembamba, na kanga ya Mama Faustina ikajibu kutoka nyuma ya banda.

"Wazee wangu," Mzee Kalinga akasema, na akavua kofia, "mimi nimekataa watu wenye ulimi. Leo ulimi umetutoa ndani ya kaburi letu wenyewe. Tulikuwa tumekaa humo tunakufa kwa adabu. Kijana huyu peke yake, kwa elimu yake ya baharini, alijua. Sahani imepokewa. Mkwe wangu, kuanzia sasa una ruhusa ya kuzungumza kwangu. Waeleze ndugu zako wajifunze: ulijuaje kwamba ni gesi?"

Watu wakasogea. Sifaeli akarekebisha koti, tayari kulibeba jibu hilo hadi Mwanjelwa. Jailos akainama kwanza, kwa mazoea.

"Sikujua, baba. Nilidhani ni wewe."